Nakala Ishirini, Pande Zote Mbili

Nchi ninayoisimulia haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji akiitambua, kosa ni lake. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina bendera, na ina wizara nyingi kuliko mito. Miongoni mwa wizara hizo ilikuwepo Wizara ya Uchapaji, iliyoanzishwa baada ya Serikali kugundua kwamba wananchi walikuwa wakichapa karatasi bila kuongozwa.

Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Kitwana Mabano. Udaktari alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe, siku hiyohiyo ya uzinduzi, kabla chuo hakijapata paa. Wakosoaji walisema ni haraka mno. Walisahau kwamba chuo hakikuwa na kazi nyingine.

Kabla ya Mheshimiwa, kompyuta za nchi ile zilichapa kama za kwingine, yaani kwa taabu. Karani wa bima alibonyeza kitufe ghorofa ya pili, barua yake ikatokea mkoa wa jirani, kwa watu wa mifugo. Mtu aliyetaka ukurasa mmoja aliulizwa na kompyuta maswali ambayo hata aliyeitengeneza asingeweza kuyajibu. Serikali ikamwagiza Mhandisi Zawena Lugano, mkuu wa mitandao wizarani, aandike mapendekezo.

Akaandika ukurasa mmoja. Alisema printa ndiyo ijitangaze, si mtu aitafute. Kila kifaa kiseme kwenye mtandao jina lake, mahali kilipo na kazi kinayofanya. Kompyuta isikilize, imwonyeshe mtu printa zilizo karibu naye, naye achague. Na kazi iliyokwisha kutumwa iweze kughairiwa. Basi.

Waziri aliusoma mbele ya wakurugenzi wote, kisha akaugeuza kuona kama upande wa pili una kitu.

"Mhandisi, hii ni nini?"

"Ni mapendekezo, Mheshimiwa."

"Ukurasa mmoja?"

"Jambo lenyewe ni dogo, Mheshimiwa."

Wakurugenzi wakainamisha vichwa. Katika jengo lile hakuna aliyewahi kutamka kwamba jambo ni dogo. Hazina ingeweza kusikia.

"Dada yangu," Waziri alisema kwa upole, "wewe umesoma mpaka umepitiliza. Printa ijitangaze! Printa ni nani? Mimi mwenyewe sikujitangaza, niliteuliwa." Makofi. "Halafu unasema mwananchi achague. Leo achague printa, kesho atataka kuchagua nini?"

Makofi ya pili yalikuwa marefu zaidi, kwa sababu kila mkurugenzi aliogopa kuwa wa kwanza kuacha.

Ikaamuliwa kwamba kompyuta zote za nchi zitaona printa moja tu, Printa ya Taifa, iliyowekwa ghorofa ya chini ya Wizara na kulindwa na askari. Foleni itakuwa moja, kwa ajili ya umoja. Kazi ya Waziri itatangulia daima, na za wananchi zitafuata kwa jinsi zilivyofika. Kitufe cha kughairi kitaondolewa, maana amri ikishatoka hairudi. Na kwa kuwa wapo watakaochelewa kufika, Waziri aliongeza kifungu kwa mkono wake mwenyewe: kazi ambayo mwenyewe hayupo kuipokea, itapokelewa na aliyemtangulia kwenye foleni.

"Kwa nini aliyemtangulia, Mheshimiwa?" Zawena aliuliza.

"Ujirani mwema," Waziri alijibu.

Printa nyingine hazikuondolewa. Zilibaki mahali pake nchi nzima, zikiwaka taa ya kijani, kama mabalozi wa dola iliyokwisha kufutwa.

*

Asubuhi Printa ya Taifa ilipozinduliwa, Mzee Lugano Chambi, baba yake Zawena, alikuwa amelazwa hospitali kuu kwa kidole tumbo. Daktari wa zamu alimpima akasema apasuliwe mara moja. Lakini Wizara ya Afya ilikuwa na mwongozo wake, nao ulisema: kisu kisitangulie karatasi. Pasipo kibali kilichochapwa, hakuna kupasua. Daktari mmoja aliyewahi kutanguliza kisu aliokoa mama na mtoto, na sasa alikuwa anauza vitumbua nje ya geti la hospitali. Vitumbua vyake vilisifiwa.

Daktari wa zamu akaandika kibali kwenye kompyuta ya wodi, akabonyeza. Kikaenda. Kilikuwa kazi ya kwanza kabisa ya mwananchi kuingia kwenye foleni ya taifa, na kwa hilo Wizara ilijipongeza baadaye redioni.

Mbele yake ilikuwepo kazi ya Waziri, ambayo ilikuwa kalenda. Kila mwezi ulikuwa na picha ya Waziri, na kwa kuwa picha zilikuwa nyingi kuliko miezi, uliongezwa mwezi wa kumi na tatu uwe akiba.

Pembeni ya kitanda cha Mzee Lugano palikuwa na printa ya wodi, ina karatasi, ina wino, taa yake inawaka.

"Mashine ile inafanya nini?" Mzee aliuliza.

"Imepumzika, baba," Zawena alisema. "Kompyuta zimeamriwa zisiione."

"Mimi naiona."

"Wewe si kompyuta."

"Basi nashukuru Mungu." Akakunja uso, maumivu yakapita. "Na mimi nikipumzika, mwanangu, kibali mtaniletea?"

Zawena alipiga simu wizarani, akaomba kazi ya Waziri isimamishwe kwa muda wa kuchapa karatasi moja. Katibu Mkuu alimsikitikia sana, akampa Waziri simu.

"Nimekuelewa," Waziri alisema. "Lakini kitufe cha kughairi si kilikuwa kwenye ule ukurasa wako?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Si tuliukataa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sasa unataka tuukubali kwa mlango wa nyuma? Kwa ajili ya ndugu yako? Huo si upendeleo, Mhandisi?"

Daktari wa zamu alinawa mikono, akasubiri, akanawa tena. Kidole tumbo kilipasuka chenyewe, bila kibali. Mzee Lugano akafa wakati Waziri akiwa mwezi wa kumi na moja.

*

Zawena aliporudi kazini baada ya matanga, Waziri alimwita ofisini kumpa pole. Alikuwa mtu wa utu, na ofisi yake ilikuwa na viti vya wageni.

"Pole sana, Mhandisi. Kazi ya Mungu haina makosa. Lakini, kitaalamu, unaona faida ya foleni moja? Kile kibali cha marehemu hakijapotea. Nimeuliza. Kipo."

Kweli kilikuwepo. Kila kilipokaribia mdomo wa printa, Waziri alituma kazi nyingine ikakitangulia: hotuba, kadi za sikukuu, shairi alilojitungia. Na kwa kuwa kitufe cha kughairi hakikuwepo, jina la Mzee Lugano lilibaki palepale, nafasi ya kwanza ya wananchi, nakala moja, likisubiri kwa adabu.

"Nashukuru, Mheshimiwa," Zawena alisema.

Alimtazama Waziri kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyoruhusiwa na itifaki. Ni haki kueleza kwamba tangu siku ile hakuandika tena pendekezo lolote. Alitekeleza kila alichoagizwa, chote, bila kupunguza wala kuongeza, na mwisho wa mwaka alipewa cheti cha utumishi uliotukuka. Mama yake alipokiona alitaka kukichana.

"Kiache, mama," Zawena alisema. "Nitakihitaji."

"Cha nini? Cha kufunikia kaburi?"

"Cha kuonyesha kwamba sikuvunja amri hata moja."

*

Sasa inabidi nieleze habari ya idara mbili.

Katika nchi ile adhabu ya viboko ilikuwa halali. Hakimu aliyemhukumu mtu alituma agizo kwa mtandao kwenda Magereza, nalo lilikuwa na mambo matatu: jina, idadi na upande. Idara iliyopokea maagizo hayo iliitwa, tangu enzi na enzi, Idara ya Uchapaji. Aliyeisimamia alikuwa Koplo Matonange, mtu mrefu, mpole, msafi wa kola.

Matonange alikuwa Sajini hadi alipouliza swali. Siku moja lilimfikia agizo lenye jina la mtoto mchanga, akapiga simu wizarani kuuliza kama hakuna kosa. Kosa lilikuwepo. Lakini Mheshimiwa Mabano, aliyekuwa wakati huo Naibu Waziri wa Magereza, alitoa waraka uliosema agizo la mtandao halihojiwi, likifika litekelezwe, na anayehoji anaihoji Serikali. Matonange akavuliwa tepe moja. Aliihifadhi nyumbani ndani ya kopo la sukari.

Ulipofika msimu wa kubana matumizi, Waziri alikuwa akipitia muundo wa Serikali akakuta jambo la kumkasirisha.

"Katibu Mkuu! Kwa nini nchi maskini ina Idara mbili za Uchapaji?"

"Ile nyingine ni ya Magereza, Mheshimiwa. Ile inachapa watu."

"Na hii yetu?"

"Hii inachapa karatasi."

"Kuchapa ni kuchapa. Unganisha."

Katibu Mkuu akamgeukia Zawena kwa macho ya mtu anayezama. "Mhandisi, kitaalamu hakuna tatizo?"

Msomaji atanisamehe nikisema kwamba hapa Zawena alikuwa na nafasi ya kumwokoa Waziri, na kwamba aliitumia. Alisema ukweli mzima.

"Kitaalamu zinaunganika vizuri," alisema. "Maagizo ya mahakama na ya printa yanafanana: jina, idadi, upande. Mtandao hautajua tofauti ya mtu na karatasi, kwa sababu tuliamua vifaa visiseme kazi vinayofanya."

"Mmesikia?" Waziri alifurahi. "Mtaalamu amesema hakuna tofauti."

"Limebaki jambo moja, Mheshimiwa. Foleni moja inataka mpokeaji mmoja, naye atatambulika kwa jina la Mchapaji Mkuu wa Taifa. Jina hilo lichukuliwe na mashine, au na Koplo Matonange?"

"Alichukue mwenye cheo."

"Mashine haina cheo, Mheshimiwa."

"Basi umeshajijibu. Mbona siku hizi unauliza maswali mepesi?"

"Nahakikisha nimeelewa, Mheshimiwa. Naomba saini."

Waziri akasaini. Mashine ikazimwa ipakwe rangi za bendera, na foleni yote, kibali cha Mzee Lugano kikiwemo, ikahamia kwa Koplo Matonange. Kwa amri ya Waziri, haikuruhusiwa kuanza kusogea mpaka yeye mwenyewe aifungue kwenye sherehe ya Siku ya Uchapaji.

*

Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa Wizara. Walikuwepo mabalozi, wakurugenzi, kwaya, na Idara mpya iliyounganishwa ikisubiri chumba cha pili. Jukwaani paliwekwa meza, na juu ya meza kompyuta iliyovishwa utepe.

Mheshimiwa alihutubia. Alisema mataifa makubwa yanahangaika na printa kwa sababu yameziachia kompyuta uhuru wa kufikiri. "Kompyuta yetu haiulizi!" alisema. "Kompyuta yetu inatekeleza!" Kwaya ikaimba ubeti uliosema hivyohivyo.

Kisha akatangaza kwamba atachapa picha yake, akiwa na nishani zote, awagawie wageni; mbele picha, nyuma wasifu. Akamwita Zawena amsaidie kubonyeza, kwa kuwa miwani yake ilikuwa ya hotuba, si ya kazi.

"Jina la kazi, Mheshimiwa?"

"Weka jina langu kamili na vyeo vyote, nisije nikachanganywa na mtu."

"Nakala ngapi?"

"Ishirini, kwa kuanzia."

"Upande mmoja au pande zote mbili?"

"Pande zote mbili! Mimi ni kiongozi wa upande mmoja?" Wageni wakacheka.

"Wima au mlalo?"

"Mlalo. Nishani hazienei wima."

"Ubora?"

"Wa juu kabisa. Msinifanyie uchumi."

"Pambizo?"

"Toa. Nijae mpaka ukingoni. Na iwe kwa rangi."

Zawena aliandika yote kama yalivyotamkwa. Waliokuwa karibu wamenithibitishia hilo.

"Mheshimiwa ana hakika?"

"Nimesema kompyuta isiniulize. Wewe ni nani uniulize? Umeanza tena?"

"Sijaanza, Mheshimiwa. Bonyeza hapa."

Waziri akabonyeza, kamera zikamulika.

Chumba cha pili, Koplo Matonange alisoma agizo. Alilisoma tena. Simu ilikuwa mezani kwake, inafanya kazi. Aliitazama simu, akaupapasa mkono wa shati pale ilipokuwa tepe ya tatu, akasimama. Akachagua kiboko kipya, maana agizo lilisema ubora wa juu. Akachukua askari wawili na benchi.

Walipoingia ukumbini, wageni walidhani ni igizo, wakapiga makofi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Koplo alisema na kupiga saluti.

"Marahaba. Picha zangu ziko wapi?"

"Picha sina, Mheshimiwa. Nina agizo la mtandao, lina jina la Mheshimiwa na vyeo vyote. Limeandikwa mlalo. Naomba Mheshimiwa alale."

"Nini?"

"Mlalo, Mheshimiwa. Ingekuwa wima ningekuacha umesimama."

Askari wakamsaidia. Nchi ile iliheshimu sana viongozi, kwa hiyo walimvua koti kwanza wakalikunja vizuri, nishani zikitazama juu.

"Koplo, una wazimu! Uliza! Piga simu, uliza!"

"Niliwahi kuuliza, Mheshimiwa."

Basi Koplo akaanza, upande wa kushoto. Hakupiga kwa hasira, alipiga kwa mujibu wa agizo, akihesabu kwa sauti ya kutosha kusikika safu ya nyuma. Alipomaliza ishirini za kwanza aliomba radhi, akahamia upande wa kulia. Pambizo hakuacha.

"Ghairi!" Waziri alilia. "Ghairini! Nani ana kitufe? Mhandisi! Ghairi!"

Zawena aliinama kwenye kompyuta, akatafuta kwa makini, kama mtu anayetaka kweli kuona.

"Hakipo, Mheshimiwa."

"Kirudisheni!"

"Itabidi liandikwe pendekezo."

Balozi mmoja alimwuliza Katibu Mkuu kwa kunong'ona kama desturi hii ni ya kale. Katibu Mkuu alijibu kwamba ni ya majaribio. Koplo alipofika mwisho alikagua kazi yake, akakumbuka jambo.

"Na iwe kwa rangi," alisoma. Akatazama. "Rangi imetokea yenyewe. Tayari, Mheshimiwa."

Waziri alikuwa anajiinua kutoka kwenye benchi. Kwaya ilikuwa imetoka nje, isipokuwa sauti ya tatu, ambayo ilitaka kuona. Koplo akafungua tena orodha, kwa kuwa foleni ilikuwa imeanza kusogea na haikuwa na kizuizi. Akaita kwa sauti kubwa:

"Anayefuata! Mzee Lugano Chambi! Nakala moja!"

Koplo akatazama safu zote, moja baada ya nyingine.

"Mzee Lugano Chambi yupo?"

"Hayupo," Zawena alisema. "Ni marehemu. Alikuwa mwananchi wa kwanza kwenye foleni."

Koplo akavua kofia, akaivaa tena. Akafungua kanuni, akapitisha kidole, akasoma bila haraka: "Kazi ambayo mwenyewe hayupo kuipokea, itapokelewa na aliyemtangulia." Akainua uso. "Aliyemtangulia ni nani?"

Wageni wote wakaligeukia benchi. Waziri alimtazama Zawena, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, alielewa mtandao.

"Mhandisi," alisema kwa sauti ndogo, "mwanangu. Ile ni karatasi tu. Si ni kibali? Ni karatasi."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilikuambia hivyo kwenye simu."

Akalazwa tena.

Waliokuwepo wanasema zile za mwanzo hakuna anayezikumbuka vizuri. Hii moja wanaikumbuka. Koplo aliinua mkono mpaka mwisho wake, akatulia, akaushusha. Nakala moja. Waziri hakulia. Zawena alisimama wima mpaka sauti ilipoisha kwenye kuta, kisha akaenda ukutani, akawapita askari waliokuwa wamesahau kulinda, akauchomoa waya wa mtandao.

"Foleni imepotea, Mhandisi," Koplo alisema. "Walikuwa wamebaki wananchi wengi."

"Mtandao umeanguka," Zawena alisema. "Huwa unaanguka."

*

Tume iliundwa, kwa kuwa nchi ile haiwezi kukaa bila tume. Ilitafuta amri iliyovunjwa, haikuona hata moja. Koplo Matonange alitekeleza agizo, na alirudishiwa tepe yake, ile ya kwenye kopo, yenye chembe za sukari. Zawena alionyesha cheti chake, na saini ya Waziri kwenye kila uamuzi. Tume ikapendekeza kwamba lawama iende kwenye lugha.

Ukurasa mmoja wa Zawena ulipelekwa bungeni ukawa sheria kama ulivyokuwa. Wabunge wote waliunga mkono wakiwa wamekaa, isipokuwa mmoja, ambaye kwa wiki kadhaa alifanya kila kitu amesimama. Sasa printa zinajitangaza, kompyuta zinasikiliza, na mtu anachagua iliyo karibu. Ile ya wodi inachapa vibali mchana kutwa. Daktari wa vitumbua amerudi kazini, ingawa wagonjwa wake wanalalamika kwa kukosa vitumbua.

Mheshimiwa Mabano hana wizara tena, lakini ana madai. Aliandika barua akitaka Zawena amwombe radhi kwa maandishi, na ili isipotee njiani aliichagulia printa iliyo mezani kwa Zawena mwenyewe.

Zawena aliiona ikiingia kwenye foleni. Akasoma jina la kazi, lenye vyeo vyote. Akanywa chai yake kidogo. Halafu akabonyeza kitufe kipya, kile cha kughairi, kwa mara ya kwanza tangu kiwekwe.

Kinafanya kazi vizuri.